Bomba la Pili la Mwenyekiti

Mwenyekiti Kipkosgei alisikika kabla hajaonekana. Nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya mtu wa maziwa, nikasikia kitu kinakohoa kutoka barabara ya Kisii, kikapita stendi, kikapanda hadi gereji yangu nyuma ya kituo cha mafuta hapa Sotik. Sikuhitaji kutoka chini kujua kwamba ekzosi ya gari hilo imeoza, na kwamba mwenyewe anaionea fahari.

Kazi yangu ni hiyo tu, ekzosi. Sigusi injini, sipaki rangi. Baba yangu alivuka kutoka upande wa Kisii akiwa kijana, akafungua gereji hii, na mgongo ulipomkatalia akaniachia mashine ya kuchomelea na jina lake ukutani. Wateja wapya huuliza Mosoti yuko wapi. Huwaambia ndiye mimi, Phelis Mosoti, na huwaacha wazunguke gari mara moja wakitafuta mwanamume. Wakimkosa, tunaanza kazi.

Kipkosgei hakuwa mgeni. Jina lake la kanisani ni Johana, lakini siku hizo ni mkewe tu aliyeruhusiwa kulitumia. Sisi wengine tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliongoza kamati ya kituo cha majani kijijini kwao: kibanda cha mabati chenye mizani, ambako wakulima hupeleka majani chai waliyochuma na kungoja lori la kiwanda. Si cheo kikubwa, ila yeye alikibeba kama kinaweza kumwagika. Na kila mtu alijua anakitazama kiti cha wadi mwaka wa 2027. Hakuwa ametangaza, lakini alikuwa ameanza kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua.

Gari lenyewe lilikuwa Landcruiser nyeupe ya zamani, aliyoinunua kwenye mnada wa shirika moja lililofunga ofisi likarudi kwao. Mlangoni bado ungeweza kusoma, chini ya rangi mpya, maneno "maji safi kwa wote". Mkewe Sally alikuwa kiti cha mbele, amepakata katoni ya miche ya kabeji.

Nililala chini ya gari, nikagonga hapa na pale, kutu ikaniangukia usoni.

"Mwenyekiti, hii tunatoa yote," nikasema. "Kutoka sailensa kwenda nyuma hakuna bomba, ni kutu imeshikana mikono."

"Toa. Uniwekee dabo."

"Dabo ya nini?"

"Bomba mbili, mama. Moja huku, ingine huku." Alinyoosha mikono yote miwili kama anayebariki umati.

Nikatoka chini, nikajipangusa, nikaanza kumweleza. Injini yake ni ya dizeli, silinda sita zimejipanga mstari mmoja kama watoto wa paredi, na zote hutolea moshi upande mmoja. Kinachotoka ni bomba moja, na moja linamtosha. Nikamwambia nitalipandisha juu kabisa, nilifiche kando ya chesisi, lisiguse jiwe wala tope, na hapo atapita popote ambapo ng'ombe anapita. La pili lingelazimika kupita kushoto, na kushoto kuna tangi la mafuta, kwa hiyo lingeshuka chini lining'inie.

"Barabara za kwenu unazijua," nikamalizia. "Mvua ikinyesha inakuwa mtaro. Kitu kikining'inia, mtaro unakichukua."

Alinisikiliza kwa heshima zote, kama mtu anavyosikiliza matangazo ya kanisa lingine.

"Aron iko na mbili," akasema.

Aron ni kijana wa kijiji hicho hicho aliyepata pesa za ngano huko Mulot. Yeye pia alikuwa ameanza kupenda mazishi.

"Ya Aron ni V8 ya petroli," nikasema. "Silinda nne huku, nne huku. Kila upande unatoa moshi wake. Ndiyo maana ina bomba mbili. Injini ni tofauti."

"Umesema yake ni silinda nane."

"Ndiyo."

"Na yangu ni sita."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Akakuna kidevu, akalitazama gari lake kwa huruma. "Sasa unaona? Ndio maana inahitaji hiyo bomba ya pili. Ya kuisaidia."

Kuna siku fundi huchoka kabla ya saa nne asubuhi. Nikamwambia naweza kuugawa moshi nyuma ya sailensa ili utoke pande mbili, lakini ni moshi ule ule, na bomba bado litaning'inia. Kisha, kwa mzaha tu, nikiwa nimeshamgeukia yule wa maziwa, nikasema, "Ama nikuwekee moja ya kazi, na ingine ya kuonekana. Nitaifunga kwa chesisi. Haitaungana na kitu chochote."

Nilitarajia acheke. Alinijia karibu.

"Hiyo ya kuonekana," akauliza kwa sauti ya chini, "itang'aa?"

"Ukitaka nitaiwekea mdomo mpana wa stenlesi."

"Weka hiyo."

"Mwenyekiti, umenielewa? Haitatoa moshi. Ni bomba tupu."

"Mambo ya moshi ni yako. Mimi nimesema mbili."

Sally akatoa kichwa dirishani. "Johana, amesema ni ya urembo tu."

"Mama Cheptoo, wewe shika kabeji."

Basi nikaifanya kazi, na niliifanya vizuri. Bomba la kulia nililipitisha juu, safi, hata mimi lilinipendeza. La kushoto nilikata kipande kirefu, nikakiziba upande wa mbele kwa bati ili kisipige miluzi kwenye upepo, nikakifunga kwa vishikio vitatu vya chuma kinene. Kipkosgei akazunguka gari, akachuchumaa nyuma, akajiona ndani ya ule mdomo unaong'aa, akarekebisha kofia.

Baada ya siku nne alirudi, si kulalamika bali kushuhudia.

"Mama, hii gari sasa inavuta!" Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Nimetoka Kericho nikipita kila mtu. Ile bomba imefungua injini kabisa."

Kilichofungua injini ni lile la kulia, lililochukua nafasi ya lile lililooza. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilimwambia, "Vizuri sana, Mwenyekiti."

Asubuhi za huku kwetu ni za baridi, na baridi haina siri. Gari likiwashwa saa kumi na mbili na nusu, moshi mweupe hutoka nyuma kama pumzi ya ng'ombe. La Mwenyekiti lilitoa moshi kulia. Kushoto, hata mvuke haukutoka. Habari hizo nilizipata kwa Metrine, jirani yangu wa vyumba vya kukodi, mwanamke aliyetoka Kakamega na ambaye huchuma majani mashambani mwa watu na kuyapeleka kituoni pale. Alisema kwa siku kadhaa watu walitazama tu, wakakohoa, wakatazama mizani. Hatimaye yeye akauliza.

"Mwenyekiti, hii ya kushoto imelala?"

"Hiyo ni ya mlima," Kipkosgei akajibu bila kupepesa macho. "Huku kwa tambarare haifanyi kazi."

Ndani ya wiki moja msemo ulikuwa umeenea hadi sokoni. Mume anayeshinda kituo cha biashara akitafuna majani ya muguka akaitwa "ya mlima". Ng'ombe aliyekauka maziwa naye ni wa mlima. Katekista aliyekuja ibadani akasinzia hadi baraka za mwisho, wa mlima. Mwenyewe tu ndiye hakuambiwa. Lori likichelewa, Mwenyekiti ndiye anayeamua nani apime majani kwanza, na hakuna mkulima aliye tayari kuozesha gunia zima kwa ajili ya mzaha.

Nami sikukosa kufaidi. Obure, anayebeba abiria na maziwa kwa Probox, alikuja akitaka "kama ya Mwenyekiti". Kisha akaja shemasi mmoja kutoka Chepseon, mwendo wote huo, kisha mwalimu. Kila mmoja nilimweleza ukweli wote, na kila mmoja alisema weka. Nilianza kununua mabomba hayo kwa wingi. Nikawa naringa kidogo, nikijiambia mimi sidanganyi mtu, nauza tu wanachoomba.

Aprili mvua ikaja ile inayonyesha bila kupumzika. Alasiri moja Metrine akanipigia simu, nyuma yake kelele kama za harusi.

"Phelis, kuja na grainda. Na ile jenereta yako ndogo. Kuja sasa."

Boda ilinifikisha nusu ya njia, nusu nyingine nikaitembea, jenereta begani mwa mwenye boda na grainda kifuani mwangu kama mtoto. Nilikuta kijiji kizima kando ya mteremko unaoshuka kituoni. Lori la kiwanda lilikuwa limezama hadi ekseli, limejaa majani ya siku mbili. Dereva wake, Omariba, alikuwa amekaa juu ya bampa akivua soksi. Aron alikuwepo pia, ndani ya gumboots mpya. V8 yake na mabomba yake mawili ya kweli alikuwa ameyaacha kwenye lami, hakuthubutu kuyashusha.

Na hapo mbele ya lori, ikiinama upande kama mlevi, ilikuwa Landcruiser ya Mwenyekiti.

Alikuwa amekuja kuokoa. Alishuka mteremko akipiga honi, wakulima wakampisha, wengine wakapiga makofi. Akaanza kurudi nyuma ili kamba ifungwe kwenye lori, na tairi la nyuma la kushoto likateleza mtaroni. Bomba langu likaingia chini ya mzizi wa mti wa bluugamu, likapinda, na ule mdomo mpana ukanasa nyuma ya mzizi kama ndoano. Nyuma kulikuwa na ukingo wa udongo, hakuweza kurudi. Kila alipojaribu kwenda mbele, mzizi ulikataa. Bomba lingekuwa limefungwa na fundi mzembe, lingeng'oka likaishia hapo. Vishikio vyangu vitatu vilishika vizuri kabisa.

Kipkosgei alikuwa na tope hadi masikioni. "Mama, fanya haraka," akasema bila kunitazama. "Majani ya watu."

Nikalala mtaroni. Maji yaliniingia shingoni yakatokea miguuni. Nikakata kishikio cha kwanza, cha pili, cha tatu, cheche zikiruka na watu wakirudi nyuma. Bomba likaanguka. Gari likapumua, likainuka kidogo.

Nilitaka kulisukumia mbali, lakini Metrine alishalichukua. Akalifuta kwa leso, akaweka jicho kwenye ule mdomo unaong'aa, akaligeuza, akagonga lile bati la mbele kwa kucha. Kisha panya akatoka ndani na nyasi kavu mdomoni, akatutazama sote, akaingia shambani.

"Kumbe huyu ndiye alikuwa anavuta mlima!" mtu akapaza sauti.

Nimesikia vicheko vingi lakini si kama kile. Watu walishikana mabega. Omariba alianguka kutoka kwenye bampa. Mzee mmoja aliketi kwenye tope, kwa hiari yake, akalia machozi. Ilikuwa kama miezi mitatu ya kicheko kilichobanwa imepata pa kutokea.

Kipkosgei alisimama katikati yao. Niliona uso wake ukitafuta pa kwenda, na nikauona umenipata mimi.

"Huyu mwanamke ameniibia!" akapiga kelele, kidole usoni mwangu. "Nimemlipa bomba mbili, ananiwekea nyumba ya panya! Hawa watu wa ng'ambo ya Kisii ndio wako hivyo. Tunawapa mahali, wanakula kwetu, halafu wanatucheka!"

Kicheko kikakatika.

Nilizaliwa Sotik. Nusu ya waliokuwa pale nimesoma nao. Jerusa, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akitazama viatu vyake. Aron, ambaye kwa siasa tu angepaswa kunitetea, alikuwa amepata ujumbe muhimu kwenye simu. Grainda ilikuwa bado mkononi mwangu, jenereta inanguruma, na nilikuwa nahesabu ni watu wangapi kati yangu na barabara. Niliogopa. Sina haja ya kulipamba.

Mlango wa Landcruiser ukafunguka. Sally akashuka, akakunja sketi, akapita kwenye tope polepole bila kushikwa mkono hadi akasimama kati yangu na mumewe. Alianza kwa Kikipsigis, lugha ya kwao, kisha akageuza Kiswahili, na nadhani aligeuza ili na sisi tusiokijua vizuri tusibaki nyuma.

"Johana, uliambiwa. Mimi nilikuwa kwa gari. Alikuambia haitatoa moshi, akakuambia tena, ukasema mambo ya moshi ni yake. Mimi nikakuambia. Ukaniambia nishike kabeji."

Hakuinua sauti. Hakuna aliyecheka safari hii, na nadhani hilo lilimuumiza Kipkosgei zaidi. Akavua kofia, akaivaa.

Aliyetuokoa wote ni Omariba, ambaye hana wadi wala jirani pale na alitaka tu kurudi kazini. "Mwenyekiti," akasema, akivaa soksi yake yenye tope, "majani yanaanza kuchemka ndani ya lori. Tuvute ama tusivute?"

Wakavuta. Kipkosgei aliingia garini, wanaume wakasukuma, kamba ikakaza. Injini ile ya silinda sita ikaguna, bomba moja la kulia likatoa moshi mzito mweusi, na lori likatoka mara ya kwanza. Watu wakashangilia. Yeye akapunga mkono dirishani, na wakati lori linaondoka akapanda ndani yake pamoja na Omariba, akisema lazima mtu wa kamati asindikize majani hadi kiwandani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa kamati kuyasindikiza.

Sally alinirudisha Sotik kwa Landcruiser. Anaendesha vizuri kuliko mumewe, hapigani na usukani. Tulipofika lami akaniuliza.

"Ulimwekea ya nini, Phelis?"

"Si alitaka, Mama Cheptoo. Na nilimwambia."

"Ulimwambia, ndiyo. Halafu akaja kukushukuru. Siku hiyo ulimwambia nini?"

Nikatazama nje, mashamba ya chai yakipita, kijani kibichi, yamekatwa sawasawa kama yamekalishwa darasani.

"Nilimwambia vizuri sana."

"Haya," akasema. Akabadilisha gia. "Na yule shemasi wa Chepseon, yake utaitoa lini?"

Jioni hiyo niliwapigia simu wote, Obure, shemasi na mwalimu, nikawaambia walete magari niondoe yale mabomba bila malipo. Obure aliuliza kama nimepata wokovu. Shemasi alisema atafikiria. Mwalimu alikuja, tukaondoa, na akaomba aende nalo nyumbani.

Juni wakulima wakapiga kura ya kamati ya kituo. Kipkosgei alipita, tena kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Sikuamini hadi Jerusa alipokuja gereji na pikapu ya kaka yake iliyotoboka sailensa. Nilimuuliza alimpigia nani.

"Mwenyekiti," akasema, kana kwamba nimemuuliza jina lake.

"Baada ya yote aliyosema pale?"

"Ah, Phelis. Ile ilikuwa hasira tu. Hata hakuna mtu anakumbuka." Akainama kuniangalia chini ya gari. "Na lori si lilitoka?"

"Lilitoka," nikasema.

"Sasa?"

Nikamwomba anipitishie spana namba kumi na nne. Akaitafuta, akanipa kumi na tatu.